Fundi Asiyetoboa

Kwa chumvi ya upepo wa bahari ya Tanga, tundu moja la drili kwenye bodi ya gari ni kidonda. Miezi sita tu, pembeni mwa bolti panaanza wekundu. Mwaka ukipita, unaweka kidole kinazama. Kila mwenye gari mjini anajua hilo, na anayekuja kununua gari yako anakuja na tochi, anainua kapeti, akikuta tundu anacheka na kuondoka zake. Ndiyo maana Asheri hakukosa kazi. Mafundi wengine wa mziki wa magari wanatoboa. Asheri hatoboi. Jina likamkaa hivyo hivyo. Kwenye simu za watu kibao kaandikwa "Hatoboi Sabufa".

Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Baba yake alikuwa Msambaa aliyeshuka kutoka milima ya Lushoto kuja kukata mkonge, akafia kambini upande wa Muheza, kaacha panga, Biblia na redio. Redio ndiyo iliyomfundisha Asheri kazi. Aliifungua akiwa darasa la tano, baba bado hai, akachapwa. Akaifunga ikalia vizuri kuliko mwanzo, akachapwa tena kwa kuwa aliifungua bila ruhusa. Hakuna chuo alichopita, hakuna cheti. Kila alichokijua, alikijua kwa kuunguza kitu kwanza.

Fremu yake ilikuwa Nguvumali, kwenye msururu wa fremu saba za Mzee Hamed. Mzee Hamed ni wa zile familia za Kiarabu za zamani, watu wa minazi na nyumba. Babu zake walitoka Omani, yeye Omani kaiona kwenye simu. Ana shamba la nazi kule Ushongo, na ana sauti ndogo ambayo akiitoa, watu wazima wananyamaza. Wapangaji walimpenda kwa sababu hasumbui mtu bure. Walimwogopa kwa sababu akikwambia hama, siku hiyo hiyo unatafuta mkokoteni.

Mwanawe wa mwisho, Asaad, miaka ishirini na nne, kazi yake ilikuwa kumwendesha mama yake. Mara mbili kwa wiki alimpeleka Bi Shamsiya Ushongo kusimamia nazi, na jioni alimrudisha. Gari ya mzee, ndogo, milango mitano, ile aina ambayo buti na viti vya nyuma ni chumba kimoja, kinachotenganisha ni mgongo wa kiti tu. Asaad akataka mziki. Akaomba miezi mitatu. Mwishowe mzee mwenyewe akaja naye mpaka kwa Asheri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Asheri, huyu mdogo wako kanichosha. Mfungie hicho anachokitaka. Lakini nisikilize. Gari hii imetoka Japani haina tundu. Nikikuta tundu, hata la sindano, wewe na yeye mtanitambua."

"Mzee, mimi sitoboi."

"Kwani mimi nimekuja kwako kufuata sura yako?"

Wakacheka wote watatu.

Sasa, tusizunguke. Boksi lenye spika mbili za inchi kumi na mbili, pamoja na sumaku zake, ni kilo arobaini na zaidi. Boksi la namna hiyo linatakiwa lishikwe na chuma cha gari yenyewe. Unaweka vyuma vya pembe, unatoboa sakafu, bolti inapita mpaka uvunguni, unakaza nati, unapaka rangi na grisi kuzuia kutu. Kazi ya saa moja. Asheri aliijua. Lakini kwa wateja wake wa Tanga alikuwa na njia yake, na alijivunia njia hiyo kuliko kitu chochote duniani.

Kwenye sakafu ya buti kuna ubao unaofunika tairi la akiba. Ukitoka Japani ni kitu kama kadibodi ngumu. Asheri alikuwa anautupa, anakata plaiwudi nene ya umbo lile lile, anaivisha kapeti ya rangi ya gari, halafu boksi analifunga kwenye ubao huo kwa skrubu ndefu kumi na sita na gundi ya seremala. Ubao unakaa mahali pake umebana kabisa. Unasukuma boksi, halisogei. Unalivuta, halisogei. Bati la gari halijaguswa hata na kucha.

Kosa lilikuwa hapo, wazi kama meno. Ule ubao wenyewe haukufungwa na kitu. Ulikuwa umekalia tairi kama kifuniko kinavyokalia sufuria. Asheri alikuwa anafunga maboksi ya kilo arobaini kwenye vifuniko vya sufuria, miaka saba, na watu wanamshukuru.

Siku alipomaliza gari ya Asaad, Bi Shamsiya alipita na buibui lake na mkoba wa sokoni, akasimama nyuma ya buti.

"Asheri, hujambo mwanangu?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hili ndilo kabati lenyewe?"

"Mama, siyo kabati," alisema Asaad. "Sabufa."

"Kabati. Na nazi zangu zitakaa wapi?"

"Juu yake."

"Juu ya kabati linalopiga kelele? Mwe! Nazi zitafika Nguvumali zimeshajikuna."

Asheri alicheka mpaka akakaa kwenye bampa. Huyu mama alikuwa anamletea visheti kila Idi, na Krismasi alikuwa anamuuliza kwa nini hajamletea yeye kitu.

"Haya, Asaad, sukuma," Asheri akasema. Hiyo ilikuwa desturi yake. Hakukabidhi gari kabla mwenyewe hajasukuma. Asaad akaegemea boksi kwa bega, akasukuma, gari nzima ikatikisika, boksi kimya. Bi Shamsiya naye akaweka mkoba chini, akaweka mkono wake wenye hina, akasukuma.

"Halisogei," alisema. "Huyu fundi, jamani."

Miezi minne ikapita.

Ilikuwa Jumanne, kama saa kumi alasiri, wakirudi kutoka Ushongo. Walishavuka kivuko, wameiacha Pangani nyuma, wako kwenye lami. Bi Shamsiya kakaa nyuma kama kawaida yake, maana mbele jua linampiga machoni. Magunia mawili ya nazi yako juu ya boksi. Bodaboda mmoja kabeba makuti katoka kwenye kinjia cha shamba bila kuangalia kushoto wala kulia. Asaad akakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari ikasota, pua ikaingia mtaroni, ikasimama. Bodaboda akaanguka na makuti yake, akainuka, akajikung'uta.

Asaad alishuka mbio kumwangalia yule wa bodaboda. Alipiga kelele, "Mama, uko salama?" bila kugeuka. Hakujibiwa. Alidhani mama kakasirika. Aliporudi, wanakijiji walishafungua mlango wa nyuma, wanatoa magunia, wanatoa boksi wanaliweka kando ya barabara, halafu wanamtoa mama yake. Alikuwa ameshakufa. Shingo.

"Mizigo imemwangukia," mtu mmoja alisema, na maneno hayo ndiyo yaliyofika Tanga kabla ya maiti. Mizigo. Watu wakaelewa nazi. Na mizigo haimwangukii mtu bila dereva kukimbiza gari. Na dereva kijana, gari ina sabufa, unategemea nini? Polisi waliandika mwendo kasi, jalada likafunguliwa, Asaad akatoka kwa dhamana. Alisema alikuwa kwenye sitini. Alisema mara tatu, mara ya nne akaacha kusema, maana alishaanza kujiuliza mwenyewe kama ni kweli.

Walimzika Bi Shamsiya kesho yake asubuhi. Asheri alifunga fremu, akaenda, akasimama na Wakristo wenzake nyuma ya umati, akapokea jeneza bega kwa bega mpaka makaburini. Alilia kama watu wengine. Hakuwaza boksi hata kidogo. Hilo lisemwe, kwa sababu baadaye watu walisema mengine.

Siku ya hitima, watu wamekula, wanasubiri kuondoka, Mzee Hamed alisimama barazani. Sauti ile ile ndogo.

"Asaad."

"Naam, baba."

"Mama yako umemuua kwa mbio zako. Mimi sitakulaani, najua laana inavyorudi. Lakini nyumbani kwangu usilale tena. Sina mtoto wa jina lako."

Mjomba mmoja akajaribu, "Hamed, muogope Mungu, mtoto huyo." Asaad aliingia ndani, akatoka na mfuko mmoja wa nailoni, akavaa ndala zake mlangoni mbele ya watu wote, ndala moja ikamkataa, akainama, akaivaa tena. Akaenda Mabawa kwa rafiki yake Sele, kwenye chumba kimoja, akalala kwenye mkeka.

Wiki ya tatu, Mzee Hamed akampigia Asheri simu. "Gari nimeipata kutoka polisi. Naiuza kama ilivyo. Njoo uondoe lile dude lako, sitaki kuliona."

Gari ilikuwa uani, nyuma ya fremu. Asheri alikwenda na bisibisi na mkokoteni, akiwa na haraka, ana mteja anamsubiri. Cha kwanza kilichomshika jicho ni taa. Taa za mbele zilikuwa nzima zote mbili. Bampa lina ufa mmoja, basi. Kioo kizima. Asheri ameziona gari zilizogonga kwa mbio. Hazibaki na taa. Akasimama.

Akafungua buti. Sakafuni tairi la akiba lilikuwa linamwangalia, halina kifuniko. Boksi polisi walilitupia humo ubavu, chini juu. Na kwenye kitako cha boksi, ubao wake, plaiwudi yake, umeshikana nalo kama siku ya kwanza. Alizihesabu skrubu. Kumi na sita. Hakuna iliyolegea. Boksi halikuchomoka kwenye ubao. Kazi yake haikuachia hata kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa shida: breki ilipokamata, ubao na boksi viliondoka pamoja, magunia juu yake, vikaupiga mgongo wa kiti, kitasa cha mgongo huo kikaachia, mgongo ukamlalia yule mama aliyekuwa amekaa mbele yake.

Kwenye kona ya boksi, chini ya chuma cha kulinda spika, kulikuwa na kipande cha kitambaa cheusi cha buibui, kirefu kama kidole. Asheri alikichomoa. Hakujua akiweke wapi. Akakitia mfukoni, akakitoa, akakitia tena.

Aliondoka bila mkokoteni.

Nyumbani, mkewe Loveness alikuwa anachambua mchele. Loveness ni fundi cherehani, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri, mwanamke asiyependa maneno mengi. Asheri alimweleza yote amesimama mlangoni. Loveness akaendelea kuchambua mpaka sinia likaisha.

"Nani kaona?"

"Mimi."

"Basi umeona wewe na Mungu. Nyamaza."

"Asaad kafukuzwa kwao."

"Nimesikia. Kijana ana afya, ana mikono. Wewe una watoto watatu. Ukienda polisi unafungwa. Ukienda kwa mzee unafukuzwa. Ukinyamaza, nani anakufa zaidi?"

"Mungu anajua, lakini Asaad hajui. Yule anajua kaua mama yake, Loveness."

"Na mzee je? Fikiria kidogo. Nani alisema gari isitobolewe? Wewe unataka kwenda kumwambia mume wa mtu kwamba na yeye kashika mkono wako siku ile? Utatoka na roho?"

Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna Asheri njia nzima. Alinyamaza siku ishirini na moja.

Lakini kunyamaza kuna kazi zake. "Nani anakufa zaidi" lilimganda. Miaka saba, magari karibu sitini, maboksi yote kwenye vifuniko, na mbele ya kila boksi kuna kiti, na kwenye kile kiti anakaa mtoto wa mtu. Akaanza kuwapigia wateja. Leteni gari, nafunga upya, bure kabisa. Walidhani utani. Wachache wakaja. Wa kwanza alikuwa Rafaeli, dereva wa watalii, gari yake inang'aa kuliko sahani ya harusi. Asheri alipotoa drili, Rafaeli akamshika mkono.

"We mgosi, unafanya nini?"

"Naweka bolti. Mbili tu. Nitapaka rangi."

"Utoboe? Wewe? Hatoboi?"

"Boksi halijafungwa na gari, Rafa."

"Si ulinisukumisha mwenyewe? Nimesukuma mpaka kiuno kikaniuma!" Akageukia watu wa fremu za jirani. "Jamani, njooni muone! Hatoboi kaanza kutoboa! Uzee huo, au umelogwa?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema Asheri kaishiwa wateja, anatafuta kuharibu magari ili apate kazi ya kuziba kutu. Asheri angeweza kusema neno moja tu pale, jina moja tu, na kila mtu angefunga mdomo. Hakulisema. Rafaeli akaondoka na boksi lake juu ya kifuniko, honi juu, kioo chini, anamuaga kwa kidole gumba.

Kati ya magari sitini, yaliyokubali bolti ni manne.

Hapo ndipo Asheri alipoona wazi kwamba hawezi kuwaokoa hao huku kaficha yule aliyekufa. Akamwambia Loveness, "Kesho naenda kwa mzee." Loveness akasimamisha cherehani.

"Basi vifaa vyako viletwe nyumbani leo," alisema. "Mzee asije akavifungia humo."

Wakabeba wote wawili, drili, mashine ya kulehemu, meza ndogo, spika. Safari tatu za bajaji.

Siku ya pili, saa saba mchana, Mzee Hamed alikuwa katoka msikitini, kakaa ghalani kwake katikati ya magunia ya mbata, tasbihi mkononi. Feni ya juu inazunguka na kulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti."

"Nitasimama."

"Keti, Asheri. Mtu akisimama mbele yangu najua ana habari mbaya, na mimi zangu zinanitosha."

Asheri akakaa juu ya gunia. Alianza mwanzo, kwa sababu hakujua pa kuanzia pengine. Taa, bampa, kioo. Ubao. Skrubu kumi na sita. Kiti. Alitoa kile kitambaa mfukoni, akakiweka juu ya gunia kati yao. Mzee alikiangalia, hakukigusa.

"Kwa hiyo unasema nini?"

"Nasema Asaad hakukimbiza gari. Angekuwa arobaini, angekanyaga breki ile, boksi lingekuja vile vile. Mtoto hana kosa. Kosa ni langu, mzee. Nimekuja ulijue. Ukitaka kunipeleka polisi, nitakwenda na miguu yangu."

Tasbihi ikasimama.

"Kwa nini hukulifunga na gari?"

Asheri alikuwa amejizoesha njia nzima asilijibu swali hili. Alikuwa na jibu la uongo tayari, la kwamba bolti za kufaa zilikuwa zimeisha. Alilifungulia mdomo, likakataa kutoka.

"Ingebidi nitoboe, mzee."

Feni ikaendelea kulia. Nje mtu alikuwa anauza dagaa, anapita anaita, akaenda mpaka sauti ikapotea. Mzee Hamed alikuwa mtu wa miaka sabini, na pale pale, kwenye kiti kile, Asheri aliona miaka mingine inaongezeka.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu."

"Na mtoto?"

"Hajui."

"Asijue."

"Mzee..."

"Nimesema asijue. Fremu ni yako, kaa mpaka uzeeke humo, watoto wako warithi. Polisi sikupeleki. Maneno haya yabaki kwenye magunia haya."

"Mtoto wako analala chini, Mabawa. Amekonda. Anajiona muuaji."

"Nimeshatamka mbele ya watu mia."

"Waite tena hao mia, utamke vingine."

"Nitamke nini?" Kwa mara ya kwanza sauti ile ndogo ilipanda, ikavunjika juu huko. "Niwaambie nini, Asheri? Niwaambie nilionea huruma bati?"

Asheri aliinuka. Mzee alikuwa ameuficha uso kwa kiganja, tasbihi inaning'inia. Asheri akatoka, kile kitambaa akakiacha.

Usiku ule hakulala. Asubuhi akampa Loveness ufunguo wa fremu ampelekee mzee, maana kubaki mle kulikuwa na bei, kumficha Asaad, na bei hiyo alishaamua hailipi. Kisha akapanda bodaboda mpaka Mabawa.

Asaad alikuwa nje ya chumba cha Sele, anafua shati moja kwenye ndoo. Kweli alikonda. Ndevu zimeota hovyo kama majani ya mtaroni.

"Fundi! Karibu. Shikamoo. Nyumba haina kiti, kaa hapa kwenye mkeka."

"Marahaba. Nimekuja na maneno mabaya, Asaad. Acha kufua kwanza."

Akamweleza. Safari hii alikuwa mfupi, alishajua njia. Asaad alisikiliza, mikono inachuruzika mapovu. Asheri alitegemea ngumi. Alikuwa tayari kwa ngumi, hata alikaa vibaya makusudi, asiweze kuikwepa. Ngumi haikuja.

"Kwa hiyo nilikuwa kwenye sitini," Asaad alisema.

"Ulikuwa kwenye sitini."

"Nilishaanza kukumbuka mia na ishirini. Wallahi, fundi. Nilikuwa nauona mshale wa spidi kabisa, mia na ishirini." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Nilimwita, unajua. Nilimwita 'Mama, uko salama', na mgongo nimempa. Nilikuwa namwangalia yule wa makuti."

"Hukujua."

"Boksi nililiona pale barabarani. Nikadhani wamelitoa ili wapate nafasi." Alijifuta mikono kwenye kanzu. "Ulisukumisha kila mtu. Na mama alisukuma."

"Na yeye alisukuma."

"Kwa nini umeniambia?"

"Ili urudi kwenu. Ili ulale."

Asaad alitikisa kichwa polepole. "Hapana, fundi. Nirudi nikamwambie baba nini? Yeye ndiye aliyekataza tundu. Akilijua hili, yule mzee anakufa wiki hii hii. Bora anichukie mimi. Mimi nimeshazoea. Usimwambie. Naomba kwa jina la Mungu, hili libaki kati yetu, usimwambie."

Asheri akaangalia ile ndoo. Angeweza kusema sawa. Ilikuwa rahisi, neno moja, na kijana angebaki akiamini anamkinga baba yake. Lakini alikuwa amechoka na vitu vinavyoonekana vimekaza.

"Anajua," alisema. "Nimemwambia mimi."

"Lini?"

"Jana. Saa saba mchana."

Asaad aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na simu, akakaa kwenye mkeka pembeni ya Asheri. Akaiwasha kioo. Akaangalia simu zilizoingia tangu jana, akashusha, akapandisha, akaangalia ujumbe, akarudi kwenye simu. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

"Pengine baba hana salio," alisema.

Asaad akaiweka simu kwenye mkeka, kioo chini, akarudi kwenye ndoo, akalisuuza shati mpaka maji yakawa meupe.